Staringi Akifa: Nilivyofundisha Kipaimara kwa Hadithi za Mashujaa

Mwalimu mwenzangu wa kipaimara au wa shule ya Jumapili, kama vijana wako wanawataja Avengers, wale mashujaa wa muvi za Marekani, wote bila kukosea lakini mitume kumi na wawili wanaishia kwa Petro na Yuda, basi huenda umeshafikiria kuwafundisha Biblia kwa kutumia mashujaa hao. Nimefanya hivyo hapa Mbeya na ninaendelea kufanya. Inafaa. Nalisema hilo mapema kwa sababu huko mbele nitasimulia mambo yaliyoniliza, na sitaki uyasome ukadhani nakukataza. Inafaa, ila si kwa namna niliyoidhania mwanzoni.

Sisi ni Walutheri. Vijana wetu wanakuja mafundisho Jumamosi asubuhi, wengi wana miaka 12 hadi 15, na wanatakiwa kuijua Katekisimu Ndogo ya Martin Luther kwa moyo kabla ya kuwekewa mikono. Wakitoka darasani, wengi wanapitia kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea video mtaani. Kule kuna muvi zilizotafsiriwa: picha ni za Marekani, sauti ni ya Mtanzania mwenzetu anayesimulia juu yake na kuongeza chumvi anapoona supu imepoa. Watoto hukariri maneno yake kuliko wanavyokariri yangu. Na wana kanuni moja ambayo hakuna mwalimu aliyewapa, ila kila mtoto wa kibandani anaijua: staringi, yaani mhusika mkuu wa muvi, hafi. Akipigwa risasi, itakuwa ya bega. Akianguka ghorofani, chini kuna turubai la muuza matunda. Ukimwona mtu amekufa dakika ya ishirini, basi huyo hakuwa staringi, ulikosea kumtambua. Ishike kanuni hiyo, maana ndiyo iliyokuja kubeba mafundisho yetu yote.

Nilianza kwa kuomba ruhusa kwa mchungaji, na nakusihi ufanye hivyo kabla hujamwambia mtoto hata mmoja. Nilimwandikia karatasi moja: shujaa huyu, andiko hili, swali hili. Aliisoma taratibu, akaniuliza jambo moja tu. "Mwalimu, ukimaliza kusimulia, watoto watakuwa wanamtazama nani?"

"Yesu, mchungaji."

"Haya. Karatasi hii itunze, tutaulizana tena."

Mara ya kwanza tulionyesha muvi nzima. Projekta ya kukodi ilikuwa shilingi 30,000, sabufa tuliazimwa na kwaya ya vijana, umeme wa LUKU nilinunua mwenyewe, na kwa kuwa ilikuwa Julai, na Julai ya Mbeya tunaijua, ikabidi kuwe na chai ya moto na mandazi kwa watoto wote. Muvi zile zina saa mbili na zaidi. Ilipokwisha ilikuwa inakaribia saa saba mchana, wazazi wameshapiga simu, na muda wa kufungua Biblia haukuwepo. Watoto walitoka ukumbini wakirukiana mateke, mmoja akachanika mdomo kwenye ngazi. Mama yake alikuja kwangu jioni ile. Hakunigombeza. Aliniuliza tu mtoto wake alikuwa amefundishwa nini siku hiyo, na nilikosa jibu la kumpa.

Halafu kulikuwa na suala la flash. Muvi ile niliwekewa na kijana mmoja pale Mwanjelwa kwa shilingi 500, kama wote tunavyofanya. Mchungaji aliniuliza kwa upole imetoka wapi. Wiki ileile darasa lilikuwa kwenye amri ya saba, Usiibe, na maelezo ya Luther kuhusu kutochukua mali ya jirani kwa ujanja. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa, na nadhani walimu wengi hawalifikirii. Ukiwa na televisheni yenye malipo halali, au mzazi aliyenunua kihalali, hilo ni jambo jingine. Mimi sikuwa na njia hiyo, kwa hiyo projekta sikuikodi tena.

Nikaanza kusimulia kwa mdomo. Na hapo ndipo kazi ilipoanza kweli. Ukisimulia, unasimama pale unapotaka, muvi haisimami. Mapigano ya dakika arobaini unayapitisha kwa sentensi moja, na mazungumzo ya baba na mwana ya dakika moja unayakalia nusu saa. Watoto ambao nyumbani hawana televisheni wakawa sawa na wenzao. Na wale mabingwa wa kibandani wakawa wananisahihisha, jambo ambalo liliwafurahisha kuliko chai. Gharama ikabaki mandazi. Lakini lazima wewe mwenyewe uwe umeiona hadithi mpaka mwisho na umeijua asili yake, kwa sababu mtoto mmoja tu akikubaini unababaisha, darasa limekwisha.

Somo la kwanza lilikuwa Superman. Walimbuni vijana wawili wa Kiyahudi wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa wahamiaji, naye akatoka kwa mara ya kwanza kwenye kitabu cha katuni mwaka 1938. Msomaji wa Kutoka sura ya 2 anaiona hadithi yake mara moja: wazazi wanaona kifo kinakuja, wanamlaza mtoto mchanga kwenye chombo, wanakiachia, hawajui ni nani atakayekipokea. Ni kisafina cha manyasi cha Musa, ila kinapita angani badala ya mtoni. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia nguvu zake. Binti mmoja anayelelewa na bibi yake, mama akiwa Dar es Salaam kwenye kazi za ndani, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo wema hakuja nao kutoka huko juu. Wamemfundisha wale wazee wa shambani."

Wale ni mume na mke wa Kansas, wakulima, waliomwokota wakamlea kama wao. Niliifunga karatasi yangu. Darasa langu limejaa watoto wanaolelewa na bibi, na shangazi, na kaka mkubwa, na huwa hawalisemi kwa sauti. Siku hiyo walilisema. Tukafika mpaka kwa Yusufu wa Nazareti, aliyemlea mtoto asiye wa kumzaa, ambaye Biblia nzima haikuandika neno hata moja alilolitamka. Jumapili iliyofuata, bibi wa yule binti alinisubiri nje baada ya ibada, akanishika mikono yote miwili. "Ndaga, mwalimu. Ndaga fijo." Ni asante sana kwa Kinyakyusa. Binti alikuwa amemsimulia yote jikoni, kuanzia sayari kulipuka.

Kama una nafasi ya kufundisha shujaa mmoja tu, mchukue Spider-Man. Stan Lee na Steve Ditko walimtoa mwaka 1962, na kiini cha hadithi yake si kupanda kuta. Ni kwamba kijana aliyekwisha kupata nguvu alimwona mwizi anakimbia, akawa na uwezo wa kumzuia, akamwacha apite kwa kuwa halikumhusu. Mwizi huyohuyo akaja kumuua Ben, ndugu wa baba yake, aliyemlea. Walimu wengi hapo hukimbilia Luka 12:48, kwamba aliyepewa vingi vitatakwa vingi kwake, na ni andiko sahihi. Mimi naona Yakobo 4:17 linauma zaidi: "Basi yeye ajuaye kutenda mema, wala hayatendi, kwake huyo ni dhambi." Watoto wetu wamezoea kuhesabu dhambi za kutenda. Kutukana, kuiba, kudanganya. Dhambi ya kunyamaza hawajawahi kuiweka kwenye hesabu.

Mvulana mmoja akasimulia alivyomwona mtu anachomoa simu kwenye mkoba wa mama mmoja pale Kabwe, kwenye msongamano wa daladala, naye akageuza uso. Darasa likaanza kumwambia angemkamata, angempiga mtama, angepiga kelele za mwizi. Hapa tafadhali simama, mwalimu. Kwetu huku kelele ya mwizi inaweza kumuua mtu kwa mawe na tairi kabla polisi hawajafika, na kila aliyerusha jiwe anakwenda kulala akijiona shujaa. Tulitumia Jumamosi yote kwenye hilo. Mtoto wa miaka 13 anayeona wizi afanye nini hasa? Amguse yule mama, aseme "mama, mkoba wako." Amwambie kondakta. Basi. Lilikuwa somo dogo kuliko walivyotaka, na nilifurahi kuwa dogo, kwa sababu lingeweza kufanyika Jumatatu.

Upinzani ulikuja nilipomtaja Thor. Mzee mmoja wa kanisa alinikuta ofisini, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa. Hakuwa na hasira, alikuwa na uchungu, na naona ni muhimu kulitofautisha hilo ukikutana nalo. "Mwalimu, huyo ni mungu wa kipagani. Babu zetu waliambiwa waache ya kwao. Leo sisi tunawaletea wajukuu ya Wazungu?"

Ni kweli Thor aliabudiwa na watu wa kaskazini mwa Ulaya kabla ya Ukristo kuwafikia, na huko vitabuni alifanywa shujaa baadaye, mwaka 1962. Ningeweza kujitetea kwa Matendo 17, pale Paulo aliposimama Athene akatumia maneno ya washairi wa Wagiriki wenyewe. Nilimtajia. Akalikubali andiko, ila akasema Paulo alikuwa anazungumza na watu wazima. Nilimwondoa Thor. Na nilimwondoa Doctor Strange bila kuambiwa na mtu, maana nguvu zake ni za uchawi, na katika mkoa ambao kuna bibi anayetazamwa vibaya na mtaa mzima kwa sababu ya macho mekundu tu, sikuona sababu ya kufungua mlango huo mbele ya watoto ambao siwezi kukaa nao jioni wakishtuka.

Mzee alikuwa na neno la pili: "Na Mkwawa je?" Alimaanisha yule mtawala wa Wahehe; mama wa mzee huyu ni wa Iringa. Nilikiri moyoni kwamba swali hilo lina haki yake. Mwaka 1891 Wahehe walilivunja jeshi la Wajerumani pale Lugalo, na mwaka huohuo wamisionari walikuwa wanafungua kituo Rungwe, upande wetu huu. Mkwawa alipigana mpaka 1898, akajiua alipozingirwa ili asikamatwe, na fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Liko Kalenga mpaka leo. Nimeongeza somo lake. Nimejifunza kumfundisha kama mtu, mwenye ujasiri mkubwa na mwenye vita alivyowapiga majirani zake pia, na mwenye kifo ambacho vijana wana maswali mazito juu yake. Usimgeuze Kristo. Usimgeuze Kristo shujaa yeyote, wa kwetu wala wa kwao, wote watakuangusha mahali fulani na mtoto atakuwepo kushuhudia.

Black Panther ndiye waliyempenda kuliko wote, na sikushangaa. Muvi ya 2018 ya Ryan Coogler wengi walikuwa wameshaiona, ile salamu ya kukunja mikono kifuani wanaifanya hata kwenye mstari wa sadaka. Nilikuwa na andiko langu tayari, Ezekieli 18:20, kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Mfalme T'Chaka alimuua ndugu yake kule Oakland, akamwacha mtoto wa marehemu hukohuko peke yake, akaificha habari. Mtoto yule akakua na uchungu, akarudi kama adui. T'Challa, mwana wa T'Chaka na ndiye Black Panther mwenyewe, alipojua, hakumtetea baba yake. Aliwaambia wazee waliomtangulia kwamba walikosea, kisha akaenda kuanzisha kazi ya kusaidia watu palepale damu ilipomwagika. Ni toba ya nyumba nzima, Kristo wa Zakayo angeitambua.

Lakini swali la kwanza la darasa halikuwa hilo. Lilikuwa: "Mwalimu, pale anapokunywa dawa, anazikwa kwenye mchanga, anakutana na baba yake aliyekufa. Si ni matambiko yale?" Ukifundisha hadithi hii Nyanda za Juu Kusini bila kujiandaa kwa swali hilo, utakwama. Kuna watoto ambao ukoo wao unakwenda makaburini kila mwaka, wamekatazwa kanisani, na hawajawahi kuelezwa kwa nini bila kutukaniwa babu zao. Tuliongea juu ya kuwaheshimu waliotangulia, kuyatunza makaburi yao, kutaja majina yao kwa shukrani, na juu ya kumwomba Mungu peke yake. Nilimwita mchungaji aje alijibu mwenyewe, na nakushauri hivyo. Si kila swali ni la mwalimu wa kipaimara.

Mwisho wa somo hilo nikawaeleza kuhusu Chadwick Boseman, aliyeigiza T'Challa. Alijua tangu 2016 kwamba ana saratani ya utumbo mpana. Aliigiza akiwa anatibiwa, hakutangaza, akafa Agosti 2020. Ukumbi ulinyamaza. Kuna waliokuwa hawajui. Mmoja akauliza, "Amekufa kweli kweli? Staringi?" Kanuni yao ilipata ufa hapo, mbele ya macho yangu, na sikuigusa. Niliiacha.

Jumamosi iliyofuata nilileta Avengers: Endgame ya 2019. Tony Stark, yaani Iron Man, anavaa mawe sita ya nguvu mkononi, anajua yatamuua, anapiga kidole, jeshi lote la adui linageuka vumbi, naye anakufa huku mkewe akimtazama. Niliwauliza: amefanana na Yesu wapi? Mikono yote juu. Alijitoa. Alijua atakufa. Aliokoa wengi. Wakasoma Yohana 15:13 kwa sauti moja, "Hakuna aliye na upendo mwingi kuliko huu, wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake." Nikauliza: hajafanana naye wapi? Kimya. Nikawapa Warumi 5:8 na Luka 23:34, nikawaambia watafute adui wamefanywa nini kwenye kila hadithi.

Aliyelipata ni mvulana ambaye kwa kawaida hasemi. "Stark aliwageuza adui vumbi. Yesu aliwaombea." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Na sisi tulikuwa upande wa wale wa kuwa vumbi."

Nimesoma vitabu, nimesikiliza mahubiri mengi, na sijawahi kulisikia fundisho la msalaba likisemwa wazi hivyo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mashujaa hawa hufundisha vizuri kuliko kokote pale wanapopungua. Nilikuwa natafuta ufanano, naupanga kwenye karatasi kama orodha ya mboga, na ufanano ni rahisi kuupata: mtoto wa mbinguni, nguvu, wokovu. Lakini ukiishia hapo umempa mtoto Yesu mwenye misuli. Yesu wa Injili aliambiwa "Aliokoa wengine, hawezi kujiokoa mwenyewe," na aliwahi kusema wazi kwamba angeweza kumwomba Baba majeshi zaidi ya kumi na mawili ya malaika, akaacha kuyaomba. Hakuna staringi wa kibandani anayefanya hivyo. Watoto waliliona kabla yangu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonigharimu kuliko projekta.

Kati ya vijana wangu kulikuwa na mvulana ambaye kaka yake alikuwa utingo wa lori. Lori lilikosa breki kwenye mteremko wa Iwambi, kwenye barabara ya kwenda Mbalizi ambayo kila mwenyeji wa hapa anajua imeshachukua watu wangapi. Dereva alipona. Utingo hakupona. Tulizika, tukaimba, nikamwambia mvulana yale maneno tunayoyasema. Hakuja darasani kwa majuma kadhaa. Aliporudi alikaa benchi la nyuma, akawa anakwangua rangi ya benchi kwa ukucha. Nilikuwa nasimulia Superman kwa vijana wapya waliojiunga, nimefika pale anapoidaka ndege inayoanguka. Alisema bila kunyoosha mkono, macho yakiwa kwenye benchi.

"Wale huwa wanafika dakika ya mwisho. Kwa kaka mbona hakufika mtu?"

Hakuna aliyecheka wala kugeuka. Nilisimama na Biblia mkononi na sikuwa na neno. Miezi yote ile nilikuwa nimewasimulia watoto watu wanaofika. Nimewajengea mimi mwenyewe tegemeo la mkono unaotokea angani wakati breki zimekatika, nikaliita imani, na huyu alikuwa amelipima kwenye mteremko wa Iwambi.

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Kisha nikamwomba afungue Yohana 11, nikasoma mimi kwa kuwa yeye hakutaka. Yesu anaambiwa Lazaro ni mgonjwa. Anakaa siku mbili zaidi palepale alipo. Anafika rafiki yake ameshakaa kaburini siku nne. Na Martha anatoka kumlaki njiani na maneno haya: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa."

Nikaacha kusoma. Mvulana akainua kichwa. "Alimwambia hivyo Yesu?"

"Alimwambia."

"Akafanywa nini?"

Hakufanywa kitu. Nilimwonyesha kwa kidole: hakukemewa, hakuambiwa imani yake ni ndogo. Martha alisema, na dada yake Mariamu akaja akasema maneno yaleyale, na mstari wa 35 Yesu akalia machozi. Nilitamani somo liishie hapo. Lakini mtoto mwenye msiba ni msomaji mkali, akaniambia, "Lazaro alifufuka lakini." Nikamwambia ndiyo, alifufuka, na baada ya miaka akafa tena akazikwa kama watu wote, kwa hiyo hata Martha alilazimika kuja kulishika lile la ufufuo wa siku ya mwisho kama wewe na mimi tunavyolazimika. Sikujua kama nimesema vizuri. Hakuniambia. Alisema tu kwamba Martha alikuwa na haki ya kuuliza, akarudi kwenye ukucha na benchi.

Nilipofika nyumbani nililia mpaka mume wangu akazima televisheni. Kwa majuma kadhaa nilitaka kuacha kila kitu nirudi kwenye katekisimu peke yake. Aliyenizuia ni mama wa yule mvulana. Alikuja kuniambia mtoto wake alikuwa ameanza tena kusali usiku, na sala yenyewe ilimtisha kidogo kwa kuwa anasali kama anayegombana. Nilimwambia amwache agombane. Zaburi zimejaa watu wa namna hiyo.

Tangu hapo nimeupanga upya mwaka mzima. Yohana 11 iko mwanzoni, kabla ya shujaa yeyote. Spider-Man ninamrudia mara mbili, ya pili nikiwa na habari ya Gwen Stacy, mpenzi wake aliyekufa kwenye toleo la mwaka 1973: alimnasa kwa utando akianguka kutoka darajani, lakini alipomvuta juu alikuwa ameshakufa. Waandishi wa vitabu vile walithubutu kuandika staringi aliyefika na bado akashindwa kuokoa, nami nisingethubutu kumficha. Wazazi ninawaita kabla ya msimu kuanza, nawaeleza hadithi zipi, nasikiliza pingamizi zao, na naandika majina ya watoto waliofiwa karibuni ili nisije nikasimulia ndege inayodakwa mbele yao bila kuwatazama. Yule mzee wa kanisa bado hakubaliani na mambo kadhaa, na huwa ananiambia. Namshukuru kwa kuniambia mimi badala ya kuwaambia wengine.

Walimu wa mitaa mingine ya usharika wameniomba maswali ninayoyatumia baada ya kila hadithi. Nayaandika hapa, yatumie upendavyo. Nani alimlea shujaa huyu, na alijifunza nini kwake? Ni wapi aliweza kutumia nguvu zake akakataa? Adui zake mwishoni walifanywa nini, na Kristo aliwafanya nini wa kwake? Nani kwenye hadithi hii hakuokolewa, na ungemwambia nini mama yake? Hilo la mwisho lipe Jumamosi nzima peke yake. Usilibane kwenye dakika kumi kabla ya kengele, na usiliulize siku ambayo una haraka ya kwenda nyumbani.